BayArea: programu nzuri, lakini zero zake ni za kuangalia mara mbili

Bandugu wa promosheni zote, leo nataka tupime programu sawa vile tunapimaka kitabu. Inaitwa BayArea. Kazi yake ni kukadiria namna maeneo yenye mimea na wanyama wanaishi yalibadilika tangu zamani: aina ilitokea wapi, ilifika wapi, ilipotea wapi. Michael Landis, Nicholas Matzke, Brian Moore na John Huelsenbeck njo waliieleza mu andiko lao la 2013.

Kwanza niipe heshima yake. Mbele yake watu walikuwa wanatumia sana DEC, hesabu ya Richard Ree na Stephen Smith ya 2008. DEC inaorodhesha kila mchanganyiko wa fasi wenye aina moja inaweza kukaa. Fasi 3 zinatoa michanganyiko 8. Fasi 20 zinatoa 1,048,576, na mashini inapaswa kujua mwendo wa kutoka kila mmoja kwenda ku mwingine. Ordinatere gani ya mwanafunzi itaweza? Njo maana watu wanakata dunia mu vipande vichache vikubwa, na msitu wetu wote unaweza kumezwa mu kipande kimoja chenye jina «Afrika», basi.

BayArea inapita njia ingine. Inachora historia moja kamili juu ya mti wa ukoo wa aina hizo: hapa ilipata kisiwa, pale ilikipoteza. Halafu inabadilisha sehemu ndogo, inalinganisha historia mpya na ya zamani, inaikubali ao inaikataa, na inaendelea vile mara mamilioni. Mwishoni unabaki na rundo la historia. Kama babu fulani wa ukoo eko ku kisiwa fulani mu historia 80 juu ya 100, uwezekano wake ni 0.80. Hii njo njia ya Bayesi, na mimi naipenda juu haifichi mashaka. Waandishi waliijaribu ku Vireya, kundi la rododendro za visiwa kati ya Malaya na Gine Mpya, aina 65 mu fasi 20. Ilionekana wazi kama kufika kisiwa cha karibu ni rahisi kuliko cha mbali. Kwa visiwa, kazi safi.

Sasa tuilete huku kwetu. Bonobo wanaishi ng'ambo ya kushoto tu ya mto Kongo. Sokwe wa kawaida wako ng'ambo ya kuume. BayArea inapima umbali kwa mstari juu ya ramani, na kwa mstari ng'ambo mbili hizo ni majirani. Kwa mnyama asiyejua kuogelea, mbele ya mto wenye mahali pengine unapita kilomita 10 kwa upana, ni dunia mbili. Tena kuna jambo zito zaidi: aina ikigawanyika, BayArea inasema watoto wote wawili wanarithi eneo lote la mzazi. Kwa hiyo haiwezi kusema kwamba babu alikuwa ng'ambo zote mbili na kila mtoto akabaki na upande wake. Itasema kila mmoja alirithi pande zote, kisha akapoteza mmoja. DEC, pamoja na uzito wake wote, inajua kugawa urithi. RevBayes, yenye ilielezwa mu 2016, inakuachia uandike kanuni hiyo mwenyewe, lakini ujipange na uvumilivu.

Hata hivyo, ugomvi wangu mkubwa ni na zero. Programu inakula jedwali: 1 kama aina iko pale, 0 kama haiko. Zero hiyo inaipokea sawa ukweli. Mnajua habari ya tausi wa Kongo? Mu 1913 James Chapin aliona unyoya wake ku kofia ya mtu kule Avakubi, mu Ituri. Hakujua ni wa ndege gani. Mu 1936 njo alikuta ndege wawili waliokaushwa mu makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kama watoto wa tausi wa India. Miaka 23! Watu wa msitu wanavaa unyoya ku kofia, na jedwali la wasomi lingeweka 0. Ungeuliza wakati ule kama ukoo wa tausi ulifika Afrika, programu ingekujibu na uwezekano mzuri kabisa, na ingekosea.

Mu misitu mingi ya mashariki, zero haimaanishi «haiko». Inamaanisha barabara imekufa, ao vita, ao hakuna mtu alilipa safari. Mashaka yenye BayArea inahesabu ni ya historia. Haya ya jedwali hayaingii. Na mtu akitumia ramani hiyo kuamua ni wapi watafute Robusta ya mwituni kwa kuboresha kahawa, fasi yenye haikutembelewa itabaki nje mara ya pili.

Kwa mwenye anataka kuitumia mu memwari: piga hesabu mara mbili. Mara ya kwanza na jedwali lako vile liko. Mara ya pili, geuza kuwa 1 zile zero za fasi zenye hakuna mtu alikusanya kitu. Ababu wenye wanahama fasi kati ya hesabu mbili, andika majina yao mu sura ya matokeo, hapana mu nyongeza.