Ukanaji katika Kichwamaji: Nani Anakana, na Anakana Nini?

Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha fasihi kidato cha tano, mwalimu mwenzangu alipendekeza riwaya ya Kichwamaji iondolewe katika kabati la vitabu vya darasa. Sababu yake aliieleza kwa neno moja: kitabu hicho ni cha unihilisti, nacho kitawaharibu vijana. Hakuna aliyemwuliza maana ya neno lenyewe, nami nikiwa mmojawapo wa walionyamaza. Kitabu kikaondolewa. Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kama tulimhukumu mwandishi kwa kosa tusilolijua.

Neno unihilisti limetokana na neno la Kilatini nihil, lenye maana ya "hakuna kitu". Kwa Kiswahili twaweza kuuita ukanaji. Lugha yetu yenyewe hapo yatupa msaada mkubwa, kwani kitenzi kukana hakikai peke yake, chataka yambwa. Mtu hakani tu, bali hukana jambo. Kwa hiyo msomaji anayeambiwa kwamba fulani ni mkanaji ana haki ya kuuliza: anakana nini?

Historia ya neno hili yaonyesha jinsi yambwa hiyo ilivyobadilika. Mwaka 1799 mwanafalsafa wa Ujerumani, Friedrich Jacobi, alimwandikia mwenzake Fichte barua ya wazi akimlaumu kwamba falsafa inayoijenga dunia yote juu ya nafsi inayofikiri huishia patupu. Ule ulikuwa ugomvi wa wanazuoni. Neno lilienea hasa baada ya mwaka 1862, Ivan Turgenev wa Urusi alipotoa riwaya yake ya Baba na Wana. Mhusika wake Bazarov, mwanafunzi wa udaktari, hakubali mamlaka yoyote, hudharau sanaa na huyacheka mapenzi. Lakini tumtazame vizuri: kijana huyu hupasua vyura asubuhi ili ajifunze mwili unavyofanya kazi. Mtu asiyeamini chochote hasumbuki na vyura. Bazarov anaamini sayansi. Anachokikana ni kile ambacho wazee wamekipokea bila kukipima. Ndiyo maana kifo chake kinauma: anajikata kidole akipasua maiti ya mkulima aliyekufa kwa homa ya taifasi, na sumu inamwingia.

Ukanaji wa kisiasa ni wa namna nyingine tena. Vijana waliomwua Mfalme Aleksanda wa Pili wa Urusi kwa bomu mwaka 1881 waliitwa wanihilisti kote Ulaya, hali walikuwa na madai yao wazi kuhusu ardhi na bunge. Jina lilikuwa rahisi kuliko kuyajibu madai.

Friedrich Nietzsche alizama zaidi. Katika madaftari yake ya mwaka 1887 aliueleza ukanaji kuwa hali ambamo maadili yaliyokuwa juu kabisa yanapoteza thamani, na swali la "kwa nini?" halina wa kulijibu. Akatenga namna mbili: ukanaji wa mchovu, ambaye anajilaza na kuiacha dunia ipite, na ukanaji wa mwenye nguvu, ambaye anabomoa ili papatikane nafasi. Albert Camus wa Ufaransa alilichukua swali hilo katika insha yake ya mwaka 1942 juu ya hadithi ya Sisifo, akaanza na suala la kujiua. Jibu lake lilikuwa hapana: maisha yasiyo na maana iliyotolewa tayari hayampi mtu ruhusa ya kuyakimbia. Wahakiki wetu wanaotaja udhanaishi na kujiua kwa pumzi moja huisahau sehemu hii.

Sasa turudi kwa Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, wakati ambapo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wengi walitaka riwaya ijenge taifa. Msomaji alikuwa amezoea dunia ya Shaaban Robert, ambamo Karama wa Kusadikika anashtakiwa kwa haki yake lakini mwishowe haki inashinda. Kezilahabi akamleta Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao akiwa na maswali juu ya Mungu na maisha, na ambaye mwishowe anajiua. Hapana ajabu watu walishtuka.

Lakini tumpime Kazimoto kwa kipimo chetu. Kwa mdomo anatilia shaka karibu kila kitu. Kwa matendo, je? Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase, msomi mwenye cheo, na msiba unaifuata familia. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kupitia dada yake Manase, Sabina. Mwenye kulipiza kisasi anasadiki kwamba kuna deni. Anajua kwamba dada yake alidhulumiwa, na kwamba dhuluma haifanani na haki. Huyu si mkanaji wa maadili hata kidogo. Alichokipoteza ni imani kwamba dunia itamsaidia kuyatimiza maadili hayo, na elimu aliyoipata haikumpa kitu cha kuweka mahali pale. Kama Bazarov, ambaye wakulima wa kwao walimwona mchekeshaji tu ingawa alijisifu kwamba anajua kusema nao, Kazimoto naye anarudi kwao akiwa nusu mgeni.

Kuna kasoro, nayo si ile aliyoiona mwenzangu. Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa wazazi, na Kazimoto naye hakuokoka na ugonjwa huo. Hapo mwandishi ameisaidia falsafa yake kwa dawa kali mno. Msomaji hajui tena kama Kazimoto ameshindwa na swali au ameshindwa na maradhi. Turgenev naye alimwua Bazarov kwa maradhi, lakini kwanza alimpa mwanamke wa kumpenda, ili mkanaji wa mapenzi akanushwe na moyo wake mwenyewe. Kwa Kazimoto na Sabina mlango huo unafunguliwa kidogo, kisha ugonjwa unaufunga kabla hatujaona kilichomo ndani.

Kurasa hizo za ndoa yao ndizo ningependa wanafunzi wangu wa mwaka ule wazisome. Msichana mmoja aliniuliza nje ya darasa, kitabu kikiwa kimekwisha kuondolewa, kama kweli Kazimoto alimpenda mkewe. Nilimjibu kwamba jambo hilo halimo katika mtihani.