Kache, majaji watatu na fremu 263

Prosesa haina subira. Ikiomba data inaitaka papo hapo, ilhali kumbukumbu kuu ni nzito kujibu. Ndiyo maana kati yao huwekwa kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi inayotunza vile vinavyoombwa mara kwa mara. Enzi za prosesa za 386 na 486, kikwazo kilikuwa kwamba mfumo wa kumbukumbu ulisanifiwa kwa prosesa ya aina moja. Ukiufunga kwenye nyingine, kasi inashuka.

Hataza ya Marekani namba 5,953,740, iliyotolewa mwaka 1999, ilikuja na dawa yake. Kompyuta ikiwashwa, mfumo unatambua prosesa iliyomo, kisha unajipanga wenyewe. Kwa prosesa hii, kache itunze maagizo ya programu pamoja na data nyinginezo; kwa ile, maagizo peke yake. Maelezo ya hataza yanajinadi kwamba kache ndogo zilizopangwa hivyo zaweza kuzishinda zilizozizidi ukubwa mara nyingi.

Visual Memory, mmiliki wa hataza hiyo, iliishtaki kampuni ya NVIDIA huko Delaware, ikidai imeutumia uvumbuzi huo. Kesi haikufika hata kwenye ushahidi. Kwa kipimo cha hukumu ya Alice ya 2014, inayozuia mawazo dhahania kupewa hataza, jaji aliona hapo pana wazo dhahania tu, la kuhifadhi data kwa makundi, akaitupilia mbali.

Tarehe 15 Agosti 2017, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikatengua uamuzi huo kwa kura 2 dhidi ya 1. Jaji Kara Stoll, akiungwa mkono na Kathleen O'Malley, aliuacha mzani uleule wa Alice. Alichofanya ni kusogea karibu na kinachopimwa. Ukisimama mbali vya kutosha, hata pikipiki ni wazo la kutoka hapa kwenda pale. Swali lake, lililokwishatumika mwaka 2016 katika shauri la Enfish na Microsoft, lilikuwa: je, kompyuta imetumiwa tu kama chombo cha kazi nyingine, au yenyewe ndiyo iliyoboreshwa? Jibu lake, kwamba kompyuta yenyewe ndiyo iliyoboreshwa, alilichota kwenye faida zilizotajwa katika maelezo ya hataza. Aliyeyaandika maelezo hayo alistahili ujira wake.

Jaji Todd Hughes alipinga. Kwake, “sifa inayoweza kupangwa” inayotajwa katika hataza ni kisanduku cheusi: hataza haisemi inapangwaje. Wenzake wakamwonyesha kiambatisho cha maikrofishi chenye fremu 263 za msimbo wa programu, wakaongeza kwamba maelezo yakipungua, hilo ni la kifungu cha 112 cha sheria ya hataza, kinachotaka uvumbuzi uelezwe vya kutosha, na si la 101, kinachosema nini kinastahili hataza.

Kwa maoni yangu, Hughes aliliona tundu la kweli, maana msimbo uliomo kwenye maikrofishi haumo kwenye maneno ya madai ya hataza. Ila aligonga mlango usio wake. Isitoshe, majaji hao wawili hawakuipa Visual Memory ushindi. Walichoirudishia ni haki ya kusikilizwa Delaware, ambako NVIDIA ilikuwa bado na nafasi ya kuhoji upya wa uvumbuzi huo, na kama kweli iliutumia.