Treni ya Zinki Haichomelewi

Kichwa cha treni ninachokizungumzia kinaenea kiganjani. Ni Hornby Dublo, treni za kuchezea ambazo kampuni ya Meccano ya Liverpool ilianza kuzitoa mwaka 1938. Reli zake zina upana wa milimita 16.5, ile ya TAZARA inayopita Makambako ina 1,067. Kilianguka kutoka kabatini huku Iwawa, Makete, na ubao wa mbele unaobeba bafa mbili ukakatika.

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilikipeleka Makambako kwa fundi wa mageti. "Mzee, hii dakika moja tu," akasema, na hakudanganya. Alipogusa mara moja tu, kona ya fremu ilitoa moshi mweupe ikadondoka kama nta. Bahati nzuri ule ubao ulikuwa bado mfukoni mwangu.

Simlaumu sana. Chuma cha geti huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 za Selsiasi. Treni hizi zilisubiwa kwa zinki iliyochanganywa na alumini kiasi cha asilimia 4, na mchanganyiko huo huyeyuka kabla ya nyuzi 390. Zinki yenyewe huchemka kwenye 907. Kuichomelea ni kuigeuza moshi, tena moshi ambao ukivutwa huleta homa na kutetemeka usiku. Risasi ya fundi redio huyeyuka kwenye 183, lakini nayo haikushika: alumini hujivika utando wa oksidi papo hapo, na risasi ikaviringika juu yake kama maji kwenye jani la gimbi.

Iliyobaki ni gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu. Peke yake haitoshi, kwa sababu ubao wa bafa ndio unaopokea kila kishindo. Kazi ya kubeba niliupa msumari: vipande viwili vya waya wa kibanio cha karatasi, unene wa milimita moja hivi. Nilitoboa fremu kwanza, kwa keekee ndogo ya kuzungusha na vidole. Kulenganisha matundu ya upande wa pili ndiko kulikonitoa jasho. Nilichomeka vipande vifupi vilivyochongoka, nikavipaka rangi nchani, kisha nikaukandamiza ubao juu yake. Palipobaki alama ndipo nilipotoboa, matundu mapana kidogo ili pawe na nafasi ya kurekebisha. Pale palipovunjika sikupapiga tupa hata kidogo. Ule ukwaruvu hukutana kama ufunguo na kufuli yake, na gundi huupenda. Nilipasafisha kwa spiriti tu. Kona iliyoyeyuka niliijaza gundi hiyohiyo, nikaichonga kwa msasa ilipokauka.

Ilipokauka, nasema, lakini ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Makete anaijua baridi ya mwezi huo. Joto likishuka nyuzi 10, gundi ya namna hii huhitaji muda kama mara mbili. Asubuhi ya pili bado ilikuwa inanata. Nikakiweka kichwa ndani ya boksi pamoja na chupa ya maji moto, nikawa naibadilisha kila maji yalipopoa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lingekausha haraka zaidi, na pengine lingeniua.

Kuna treni ambazo hata hivi hazitengenezeki. Zinki ya zamani ikichanganyika na risasi, hata chembe, huoza kutoka ndani: huvimba na kupasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na unyevu huharakisha. Ukiona nyufa hizo usitoboe, utabaki na unga.

Changu hakikuwa na nyufa. Sasa kinavuta mabehewa matatu bila kulegea, ingawa ukikitazama kwa karibu ile kona inaonekana wazi. Nawe kabla hujampelekea fundi kitu kama hiki, chukua sumaku ya spika mbovu ukiguse. Isiponasa, usikubali kichomelewe.