Mantiki ya Kuigiza: Uhakiki wa Hoja ya Parnas na Clements kuhusu Nyaraka za Usanifu wa Mifumo ya Kompyuta

Februari 1986, David Parnas na Paul Clements walichapisha makala yenye hoja mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zinapingana. Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna mfumo wa programu utakaosanifiwa kwa kufuata hatua safi za kimantiki kutoka mahitaji hadi msimbo. Mteja hajui kwa ukamilifu anachokitaka. Mambo mengi hujulikana kazi ikiwa imeshaanza. Na hata yangejulikana yote, akili ya binadamu haiwezi kuyabeba kwa pamoja bila kukosea. Hoja ya pili ni kwamba, pamoja na hayo, nyaraka za mfumo ziandikwe kana kwamba hatua hizo zilifuatwa. Uhakiki huu unachunguza iwapo hoja ya pili inaweza kusimama baada ya ile ya kwanza kukubaliwa.

Kitenzi walichokiteua katika anwani kina kejeli ndani yake. Kwa Kiswahili kinaweza kutafsiriwa kuwa kughushi, na tafsiri hiyo ingewatia waandishi hatiani kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa anayeghushi waraka ana nia ya kumdhulumu mtu. Kuigiza ni neno la haki zaidi. Waandishi wanailinganisha kazi hiyo na uthibitisho wa hisabati: mwanahisabati hachapishi njia zote alizopotea, bali njia fupi aliyoiona baada ya kufika, na hakuna anayemwita mwongo. Ulinganisho huu una nguvu, ila una ufa. Uthibitisho ukishakubaliwa haubadilishwi na matakwa ya mteja mwaka unaofuata, programu hubadilishwa. Msomaji wa uthibitisho anataka kusadiki, ilhali msomaji wa waraka wa usanifu, aghalabu mhandisi aliyeurithi mfumo, anataka kujua ni ukuta upi anaweza kuubomoa bila paa kumwangukia.

Sehemu iliyo bora zaidi ya makala hayo ni ile inayochambua kwa nini nyaraka nyingi hazisomeki. Kwa kawaida lawama huelekezwa kwenye upungufu na makosa, lakini Parnas na Clements wanaona kuwa chanzo kiko katika mpangilio. Waandishi wengi huandika mambo kwa mfuatano yalivyowajia akilini, au kwa mfuatano ambao mashine huyatekeleza. Mpangilio huu wa pili una sura ya kitaalamu, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Aidha, nyaraka huandikwa mwishoni, na watu waliokwisha kuuzoea mfumo kiasi cha kuyaona maamuzi makubwa kuwa mambo ya kawaida. Hivyo hueleza vijambo kwa kirefu na kuinyamazia mihimili.

Hapa kuna mwendelezo wa fikra za Parnas mwenyewe. Mwaka 1972 alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa: hupokea mistari ya maneno, huyazungusha maneno ya kila mstari, kisha huipanga mistari yote iliyopatikana kwa alfabeti. Aliigawa kwa njia mbili. Ya kwanza ilifuata hatua za utekelezaji. Ya pili iliipa kila moduli uamuzi mmoja wa kuuficha. Namna ya kuhifadhi mistari ikibadilika, katika mgawanyo wa kwanza moduli zote huguswa, na katika wa pili huguswa moja tu. Kinachodaiwa mwaka 1986 ni kwamba waraka nao ugawanywe kwa kanuni ileile: kila jambo liwe na mahali pamoja tu, na swali la msomaji, si safari ya mwandishi, ndilo liamue mahali hapo.

Ushahidi wa utekelezaji unatolewa na mradi wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, uliosanifu upya programu ya ndege ya kivita ya A-7E. Mwongozo wa moduli wa mradi huo unaugawa mfumo katika makundi matatu: moduli zinazoficha tabia za vifaa, zinazoficha tabia iliyoagizwa katika waraka wa mahitaji, na zinazoficha maamuzi ya wasanifu wenyewe. Mhandisi anayebadilisha kifaa kimoja cha ndege ana tawi la kuanzia. Hata hivyo, ushahidi huu unathibitisha kidogo kuliko unavyoonekana. Programu ya A-7E ilikuwapo tayari, na waraka wa mahitaji wa 1978 ulieleza tabia ya mfumo uliokuwa ukitumika. Mteja asiyejua anachokitaka, ambaye ni sababu ya kwanza ya waandishi kuikana mantiki kamili, hakuwa na makali hapo. Kutoka ndege hiyo hadi mfumo wa hospitali unaobuniwa huku watumiaji wakibadili mawazo kuna pengo ambalo makala hayo hayakulivuka.

Pingamizi zito zaidi lilikwisha kutolewa mwaka 1985 na Peter Naur wa Denmark. Anaeleza kisa cha kundi lililounda kompaila, na kundi jingine lililotaka kuipanua. Kundi la pili lilipewa nyaraka kamili, msimbo wenye maelezo, mijadala ya usanifu iliyoandikwa, hata ushauri wa ana kwa ana. Bado mapendekezo yake kadhaa yalipuuza uwezo uliokuwamo ndani ya muundo na kuubandika viraka, na ni waundaji wa awali walioliona hilo mara moja. Kwa Naur, programu huishi katika nadharia waliyo nayo waundaji, na nadharia hiyo haiandikiki yote.

Kanuni ya Parnas na Clements inayokaribia kumjibu imepewa nafasi ndogo mno: kila njia iliyofikiriwa na kukataliwa iandikwe, pamoja na sababu ya kuikataa. Bila kanuni hii maigizo yanageuka kughushi kweli, kwa kuwa mrithi anaonyeshwa njia moja kana kwamba ndiyo pekee iliyowezekana. Pamoja na hayo, kanuni hiyo hujibu maswali yaliyokwisha kuulizwa. Upanuzi wa kompaila ulileta maswali mapya, na hapo Naur ana haki. Asichokuwa na haki nacho ni ushauri wake kwamba programu iliyopoteza waundaji itupwe na tatizo litatuliwe upya. Taasisi ambayo waandishi wa mfumo wake wa mishahara wameondoka haina anasa hiyo. Lazima ilipe mishahara mwisho wa mwezi.

Mwaka 2011 Michael Nygard alipendekeza kumbukumbu fupi za maamuzi, zenye namba, ambamo uamuzi uliobatilishwa haufutwi bali huwekewa alama. Pendekezo hili limeipa kanuni ya 1986 mwili, lakini kwa gharama: kumbukumbu zikirundikana kwa tarehe, msomaji anarudishwa kwenye mfuatano wa mambo yalivyowajia waandishi, ugonjwa uleule ambao Parnas na Clements waliutambua. Ili kujua mfumo ulivyo leo atalazimika kuzisoma zote. Kumbukumbu hizo zinafaa pale tu zinapofikiwa kupitia mwongozo wa moduli, kila moja ikiwa imefungamanishwa na moduli inayouficha uamuzi husika.