André Messager na Kazi ya Kuongoza Okestra

Wale wachache wanaolikumbuka hivi leo jina la André Messager, hata huko kwao Ufaransa, aghalabu humkumbuka kwa opera zake nyepesi za kuchekesha na kuliwaza, na juu ya zote Véronique, iliyochezwa Paris mara ya kwanza Desemba 1898 ikampa sifa iliyovuka bahari. Sina nia ya kuzitweza kazi hizo, maana zina unadhifu ambao watunzi wengi wenye makeke hawakujaaliwa kuupata. Lakini naona fahari yake iliyo kubwa zaidi imo katika kazi nyingine, ambayo watazamaji humwona mwenyewe kwa mgongo tu na mara nyingi hudhani kuwa ni kupunga mkono hewani, nayo ni kazi ya kuongoza okestra.

Alizaliwa Montluçon mwaka 1853, akasoma Paris katika chuo cha Niedermeyer, kilichowekwa kwa ajili ya kuwafunda wanamuziki wa kanisa, ambako mtunzi Gabriel Fauré akawa mwalimu wake na kisha rafiki yake wa maisha; na alipotoka chuoni akafundishwa utunzi na Saint-Saëns. Akapiga kinanda katika kanisa la Saint-Sulpice. Na miaka michache baadaye akaonekana Folies-Bergère, ukumbi wa ngoma na vichekesho, akiongoza okestra. Wapo watakaoona haya kwa niaba yake. Mimi naona alipata hapo elimu isiyopatikana chuoni, kwa kuwa katika kumbi za namna ile hapana anayemwonea huruma mwongozaji aliyechelewa hata kwa pumzi moja.

Kazi yenyewe ina taabu yake ya siri. Mwongozaji, kama wasii aliyekabidhiwa mirathi ya watu, humpimia kila mmoja haki yake, mpiga fidla fungu lake na mpiga tarumbeta fungu lake, ilhali yeye mwenyewe hana fungu. Na akizidisha hapa au kupunguza pale kwa kutaka kujionyesha, amemfanyia hiyana aliyemwamini. Amana hiyo ni nzito kwa kila mtu, lakini huwa nzito maradufu kwa aliye mtunzi mwenyewe, maana katika kila ukurasa wa mwenzake haachi kuona mahali ambapo yeye angaliandika vinginevyo, na hana budi kuzuia mkono wake.

Mwaka 1898 Albert Carré aliposhika hatamu za Opéra-Comique, jumba la opera la Paris, alimfanya Messager mkuu wa muziki wa jumba lile, na toka Véronique ikapita zaidi ya miaka sita kabla mtunzi huyu hajatoa opera nyingine. Miaka hiyo aliwapa wengine. Ni yeye aliyeongoza Louise ya Charpentier ilipofunguliwa Februari 1900, na ni yeye aliyemshawishi Carré aipokee opera ya rafiki yake Claude Debussy, Pelléas et Mélisande, ambayo haikufanana na chochote ambacho masikio ya Paris yalikuwa yamekizoea. Debussy alikwenda nyumbani kwa Messager akawapigia waimbaji opera nzima kwa piano, akiimba mwenyewe sehemu zote, za wanaume na za wanawake, kwa ile sauti yake nzito ya shimoni. Na alipofika mwisho kulikuwa na waliotokwa na machozi.

Machozi yalikwisha mazoezi yalipoanza. Nakala za wapigaji zilikuwa zimejaa makosa ya mwandishi aliyezinakili, na Messager, aliyetamani bila shaka kushughulika na uzuri, ilimpasa kwanza kukaa na wapigaji wake wakisahihisha alama baada ya alama, kwa subira ambayo hapana mtazamaji aliyeinunulia tikiti. Huku nje Maeterlinck, mwandishi wa tamthilia ambayo Debussy aliifanya opera, alikuwa ameghadhibika kwa kuwa sehemu ya Mélisande alipewa Mary Garden, mwanamke wa Uskochi, wala si mwandani wake Georgette Leblanc, hata akaandika gazetini kuitakia opera iangamie. Katika zoezi la mwisho la tarehe 28 Aprili 1902, mbele ya wageni walioalikwa, watu walicheka kwa dhihaka. Siku mbili baadaye ikafunguliwa rasmi, na Messager akaongoza kama kwamba hapana aliyecheka. Baada ya maonyesho matatu alilazimika kwenda London, ambako alikuwa na dhamana ya jumba la opera la Covent Garden, akamwachia fimbo Henri Büsser. Na Debussy, ambaye hakuwa mtu wa kutoa sifa ovyo, alimwandikia kwamba ule upole aliouamsha nao muziki wake hautarajiwi kupatikana tena. Alipoipiga chapa opera hiyo, aliitabaruku kwa jina la Messager pamoja na la marehemu Hartmann, mchapishaji aliyekuwa amemsaidia.

Lakini liko jambo moja ambalo kwangu lapita barua na tabaruku zote. Jukwaa la Opéra-Comique lilikuwa finyu, mapambo hayakuweza kubadilishwa upesi, na vipande vya muziki vya kuunganisha onyesho na onyesho vilikuwa vifupi mno. Messager akamtaka Debussy avirefushe. Debussy akanung'unika na kukasirika, akaandika; na kila siku Messager alikwenda kwake kumpokonya kurasa alizokuwa ameziparaza kati ya zoezi moja na jingine. Leo wajuzi wengi huvihesabu vipande hivyo miongoni mwa vilivyo bora katika opera nzima.

Basi, msomaji, ukibahatika kuketi ukumbini ikichezwa Pelléas et Mélisande, usigeuke kuzungumza na jirani yako pazia linaposhuka kati ya onyesho na onyesho. Muziki upigwao wakati huo Debussy aliuandika kwa kununa, kwa sababu Messager aliudai.