Koki Isiyolala na Maji

Huku Bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, koki ya uani ina maadui wake, na baridi haimo. Bomba jeusi la poli likipita juu ya mchanga wa Matema, saa nane mchana maji ya kwanza yanaunguza kiganja, na mwenye nyumba huyaachia kwenye beseni la kufulia kabla hajakinga ya kunywa. Mtu aliyekulia Kyela, Ipinda au Itungi anaweza kuzeeka bila kuona maji yamekuwa jiwe nje ya friji. Lakini ukisimama papo hapo ufukweni ukainua macho, unatazamana na ukuta wa Milima ya Livingstone, na huko juu, kuelekea kaskazini, kuna uwanda wa Kitulo. Ziwa letu liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kitulo iko kama mita 2,600. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo hata siku ya kawaida wenzetu wa juu wana nyuzi 13 pungufu, kabla hujaleta usiku wa Julai usio na wingu.

Wengi wanaijua Kitulo kwa maua yake. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, na wageni huja wakati wa mvua uwanda unapochanua. Mimi nimeipenda wakati wa kipupwe, nyasi zinapoamka nyeupe kwa sakitu na majani ya viazi yakiwa yameungua kwa baridi. Ndiyo miezi ambayo fundi bomba wa huko anaonyesha anachokijua. Ninayemzungumzia ni kijana wetu wa Bondeni aliyeoa Makete, huko huko juu, akabaki. Ufundi wa kuunga bomba aliupata kwenye miradi ya maji ya mserereko ya huku chini. Ufundi wa baridi aliupata juu, kwa wakwe zake na kwa koki zilizopasuka.

Kitu cha kwanza anachofanya akifika kwenye uwanja wa mtu ni kutazama ardhi, na hutazama kwa muda mrefu mpaka mwenyeji anashangaa. Usiku mtulivu, ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani, na mawingu ndiyo blanketi la kulizuia. Yasipokuwepo, hewa iliyopoa inakuwa nzito, inateremka taratibu na kujikusanya mabondeni. Ndiyo maana nyumba mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana: ya kwenye mwinuko koki inatoa maji alfajiri, ya kwenye kibonde koki imekufa. Na hewa ya usawa wa kifua inaweza kuwa bado juu ya sifuri wakati nyasi zimeganda. Basi anatafuta mahali palipoinuka kidogo, panapopigwa na jua la asubuhi mapema. Akikuta koki imeshajengwa kibondeni, anapendekeza ihamishwe hatua chache tu. Mwenyeji akikataa, hagombani naye, anaongeza kazi nyingine.

Halafu anaifungua koki yenyewe. Watu wengi wanadhani kazi ya baridi inaanza na magunia na nyasi, yeye anaanza na wosha. Anafunga maji, anazungusha spana taratibu huku mkono wa pili ukishika nguzo ili bomba lisijipinde, anatoa kile kijiti cha shaba kinachopanda na kushuka, na kukigeuza kwenye mwanga. Wosha iliyochakaa ina mfereji wa duara uliochimbwa na chuma. Anapitisha kidole mahali wosha inapokaa akitafuta mchanga au mkwaruzo. Huku kwetu wosha mbovu inapoteza maji na kuotesha matope. Kule juu tone linaganda mdomoni mwa koki, linalofuata linaganda juu yake, na kufikia alfajiri mdomo umezibwa. Anabadilisha pia uzi wenye grisi ulio shingoni mwa koki, na kwenye viungo vya chuma anatumia katani na rangi, ingawa ana tepu nyeupe mfukoni. Anasema katani ikilowa inajaza nafasi. Nimemwona akifungua kiungo alichokwisha kukaza, kwa sababu tu hakuridhika na jinsi katani ilivyolala kwenye meno ya bomba.

Kinachofuata ndicho kiini cha ufundi wake. Chini ya ardhi maji hayana shida. Mtaro wa futi mbili au tatu unatosha, kwani sakitu ya nchi zetu ni ya juu juu na udongo unatunza joto la mchana. Hatari iko kwenye kipande kifupi kinachotoka ardhini na kupanda nguzo mpaka kwenye koki. Hapo chini, kando ya nguzo, anachimba chemba ndogo, anaitandika kokoto, na ndani yake anaweka valvu ya kufunga. Juu kidogo ya valvu hiyo anaunga koki ndogo ya kumwagia. Jioni mwenyeji anafunga valvu ya chini, anafungua ya kumwagia, kisha anafungua koki ya juu. Hiyo ya juu ina maana yake: hewa isipoingia, maji hayashuki yote, yananing'inia ndani ya bomba. Ukiifungua unasikia bomba likivuta pumzi, na maji yanaanguka kwenye kokoto na kupotelea ardhini. Kipande cha hatari kinalala kitupu.

Bibi mmoja mwenye uwanja alimuuliza, "Mwanangu, ukinifungia maji, kesho ninywe nini?"

"Ni usiku tu, bibi. Jua likigusa ule mtufaa, unafunga hii ndogo, unafungua hii ya chini, unakinga."

Akamfanyisha mara tatu mwenyewe, bila kumshikia mkono wala kumharakisha, mpaka bibi akawa anamfundisha mjukuu wake. Naheshimu sana subira hiyo. Chemba nzuri isiyoeleweka na mwenye nyumba ni shimo tu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini koki ya juu iachwe wazi hata pale ambapo hakuna chemba na maji yakaganda humo. Jibu lake linalingana na walichokiona watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1990. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, lakini mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo. Barafu inaziba njia, inaendelea kukua, na inayasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabonyei. Presha inapanda mpaka kitu kilicho dhaifu kinaachia. Koki ikiwa wazi, presha haina pa kujikusanya. Basi kuna wanaoacha maji yachuruzike usiku kucha, na kweli inasaidia, ila fundi wetu haipendi njia hiyo. Kwenye mradi wa mserereko, mkondo mdogo unaoachwa kijiji cha juu ni tangi tupu kwa kijiji cha chini, na mimi niliyekulia upande wa chini niko naye kabisa.

Pale pasipowezekana kumwaga, anavisha. Anakata godoro kuukuu vipande vyembamba, anavizungushia bomba kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, anakaza kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kisha anafunika kwa nailoni ili umande usiingie. Kitu kilicholowa hakizuii baridi, kinaipitisha. Na hamdanganyi mtu kwamba vazi hilo linaleta joto. Linachelewesha tu, na kwenye usiku wetu kuchelewesha kwa saa chache kunatosha, maana jua linarudi.

Huko Marekani na Ulaya, ambako jua linaweza lisirudi na joto wiki nzima, wameliingiza wazo lile lile ndani ya koki. Ukizungusha mkono wa nje, kijiti kirefu kinafunga njia ndani kabisa, upande wa nyumba wenye joto, na maji yaliyobaki yanatoka yenyewe kwa sababu koki imeinamishwa kidogo kuelekea nje. Ukiisahau hosi ya bustani imeunganishwa, maji yanabaki humo na koki ya gharama inapasuka sawa na nyingine. Februari 2021 baridi ilipoishukia Texas, ambako nyumba nyingi zilijengwa kwa kulitazamia joto, mabomba yalipasuka majumbani na mamilioni ya watu wakahangaika na maji, wakiwemo ndugu zetu wanaoishi Houston na Dallas.

Na koki ikishaganda? Hapo fundi anakuwa mpole kuliko wakati wowote. Hawashi moto wa nyasi chini ya bomba. Poli linayeyuka, na hata la chuma, maji yakichemka katikati ya barafu mbili, mvuke unakosa njia. Anafungua koki kwanza, anazungushia kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, na anaanzia mdomoni akirudi nyuma, ili kinachoyeyuka kipate pa kutokea. Anabadilisha kitambaa, anasubiri, anabadilisha tena. Maji yakianza kutoka haondoki. Ufa wa koki ya shaba unaweza kuwa mwembamba kama unywele, na barafu ndiyo inayouziba. Unajitokeza jua likipanda, wakati fundi mwenye haraka yuko nyumba ya tatu.

Mwezi wa tisa anarudi kwenye kila uwanja. Anavua nailoni na vipande vya godoro, kwa kuwa panya wanapenda kuzaa humo na unyevu uliofungiwa unakula chuma. Anapangusa meno ya bomba, anatazama kama kutu imeanza, anazibua kokoto za chemba zilizojaa udongo ili mvua za Novemba zisiigeuze kisima. Vipande vilivyo vizima anavianika uani, anavifunga fungu moja kwa ule mpira wa baiskeli, na kumkabidhi mwenyeji avitundike darini, mbali na moshi wa jiko, mpaka Mei.