Mchagua Jembe

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, na neno lao lina haki yake shambani, ambako mvua haimngoji mtu amalize kupapasa mipini. Lakini iko kazi moja ya siku hizi ambayo kuchagua zana ni nusu ya kilimo chenyewe: kuchagua kadi ya grafiki kwa ajili ya kompyuta ya kusanifu rangi za video. Nataka kuisifu kazi hii kwa sababu wanaoifanya vizuri hawaonekani. Filamu ikipendeza, sifa humwendea mwongozaji, kisha mpiga picha, na mara mojamoja msanifu rangi. Aliyekaa chini akapima ni kadi gani itakayombeba msanifu huyo hatajwi popote.

Mwaka 2000 ndugu Joel na Ethan Coen walitoa filamu ya O Brother, Where Art Thou?. Waliipiga Mississippi majira ya joto, majani yakiwa mabichi kila upande, ilhali hadithi yao ilitaka nchi kavu yenye vumbi. Mpiga picha wao, Roger Deakins, aliisimamia filamu nzima ikiingizwa kwenye kompyuta, na kijani kile kikageuzwa kuwa dhahabu iliyopauka. Zama hizo mitambo ya kusanifu rangi iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na kijana wa Mwanza au Eldoret hakuwa na njia ya kuigusa. Mwaka 2009 kampuni ya Australia, Blackmagic Design, iliinunua da Vinci Systems ya Marekani, iliyotengeneza mitambo ya aina hiyo, na miaka miwili baadaye ikatoa toleo la bure la DaVinci Resolve. Programu ikawa ya kila mtu. Hesabu za mtambo, ambazo zamani kiwanda kilimfanyia mteja, zikahamia kwa mnunuzi mwenyewe, dukani, fedha zake zikiwa mkononi.

Na hesabu hizo ni nzito. Fremu moja ya video ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. Video ikienda kwa fremu 25 kila sekunde, zinapita zaidi ya pikseli milioni 207. Kila fremu ina milisekunde 40 tu kabla inayofuata haijabisha hodi, na ndani ya muda huo kila nodi aliyoiweka msanifu, hii ya mwangaza, ile ya kutenga rangi ya ngozi, nyingine ya kusafisha chenga, lazima ipite juu ya pikseli hizo. Prosesa ya kompyuta, yenye viini vichache hata kama vina nguvu, hulemewa. Kadi ya grafiki ina viini vidogo kwa maelfu, vinavyogawana fremu na kuimaliza kwa pamoja.

Kwa nini haraka yote hii? Jibu liko kwenye jicho. Jicho la binadamu huzoea rangi upesi mno. Mtu akikaa mbele ya picha yenye umanjano, baada ya muda mfupi ubongo wake huupunguza umanjano ule, mpaka karatasi ya njano njano aione nyeupe. Tena kumbukumbu ya rangi haidumu. Msanifu anayezungusha gurudumu na kuona badiliko papo hapo anazishika zote mbili, rangi ya kabla na ya baada, macho yake yakiwa bado hayajahama. Anayesubiri kompyuta ikokotoe kwanza analinganisha picha iliyo mbele yake na kumbukumbu iliyokwisha kuchuja. Kwa hiyo kasi ya kadi inalinda ukweli wa hukumu ya macho, na anayeichagua kadi amekabidhiwa ulinzi huo. Hapa ndipo kazi yake inaponivutia.

Mchaguzi stadi hutazama kumbukumbu ya kadi kabla ya kasi. Resolve hukokotoa rangi kwa namba za biti 32, na fremu moja ya 4K yenye chaneli nne hujaza karibu megabaiti 133. Zana ya kusafisha chenga husoma pia fremu za kabla na za baada, nazo zinahitaji nafasi ndani ya kadi wakati uleule. Zana hiyo tunaihitaji sana huku kwetu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache, hivyo kwenye harusi ya usiku nyuso za watu wetu huangukia sehemu ya chini ya mwangaza wa picha, palepale chenga zinapojazana. Kumtoa bibi harusi gizani bila kumpausha akawa wa kijivu kunadai usafishaji wa makini, na usafishaji wa makini unakula kumbukumbu. Ikijaa, programu hutoa onyo na picha husimama.

Ndiyo maana mizani ya mchaguzi huyu hutofautiana na ya mcheza gemu. Kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya RTX 3060 Ti mwishoni mwa 2020, kisha RTX 3060 mapema 2021. Ya kwanza ina viini 4864, ya pili 3584, na katika mbio, ya kwanza hushinda bila ubishi. Lakini ya kwanza ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, na ya pili 12. Chumba cha rangi kinaweza kwa haki kabisa kuichukua ile ya pole, yenye bei nafuu, kwa sababu kadi ya pole huchelewa tu, ilhali iliyojaa haifiki. Wala mchaguzi huyu hadanganyiki kwamba kadi mbili za gigabaiti 12 zitampa 24; kila moja hutegemea kumbukumbu yake yenyewe, na toleo la bure la Resolve kwenye Windows hutumia kadi moja tu.

Baada ya hapo huuliza video zimetoka kamera gani. Kamera nyingi za sasa, Sony A7S III ya 2020 ikiwemo, hurekodi video ya mfumo wa H.265 ya biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2, unaohifadhi habari nyingi za rangi. Kadi za GeForce za NVIDIA hazikuwa na sakiti ya kuufungua mpangilio huo mpaka familia ya RTX 50 ilipotoka mwaka 2025, wakati grafiki ya ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 11 ilikuwa ikiufungua tayari. Mtu aliweza kununua RTX 4090 yenye gigabaiti 24 na video yake ikakwamakwama, huku jirani mwenye mashine ya bei ndogo akipeta. Anayejua chanzo hiki huokoa fedha nyingi kwa swali moja, au humshauri mwenye kadi azigeuze video zake ziwe za mfumo mwepesi kufungua, kama ProRes au DNxHR, kabla ya kuanza kazi.

Anaujua pia mpaka wa kadi. Kadi hukokotoa rangi. Kuionesha kwa uaminifu kuna njia yake. Katika chumba kilichopangwa sawasawa, picha hutoka kupitia kifaa maalumu cha video, kama DeckLink, ikakwepa marekebisho ya mfumo endeshi, na kufika kwenye monita iliyopimwa kwa kiwango cha Rec. 709: nyeupe ya D65, gama 2.4, mwangaza wa niti 100. Mchaguzi mwadilifu humwambia mteja ashuke daraja moja la kadi ili fedha zitoshe monita na kifaa hicho. Na mchaguzi ambaye ni muuzaji pia, anayepunguza mauzo yake mwenyewe kwa ajili ya macho ya mteja, anastahili heshima.

Mwisho huja umeme. RTX 4090 imepangiwa wati 450, RTX 3060 wati 170, na karibu wati zote hizo huishia kuwa joto ndani ya chumba. Dar es Salaam mwezi Februari, joto hilo hulipiwa mara mbili: kwenye kadi, kisha kwenye kiyoyozi kinacholifukuza, na mita ya LUKU inahesabu yote. Kuna pawasaplai ya kuibeba kadi, UPS ya kuiokoa kazi umeme ukikatika, na feni ambazo zikivuma sana hufunika sauti ya filamu ambayo mteja amekuja kuisikiliza.

Majina ya kadi niliyoyataja yatachakaa, na baadhi yameshaanza. Maswali yatabaki: video ya aina gani, nodi ngapi, chenga kiasi gani, monita ipi, umeme upi. Anayejua kuyauliza kwa utaratibu huo atachagua vizuri hata kadi ambayo bado haijatengenezwa.